Kizimba cha Utepe Mwekundu

Kisangani, Makiso, tarehe 14 Aprili 2024

Tonton Mohamadi,

Assalamu aleikum, wewe na mkeo mama Aïcha na wote walio chini ya paa lenu. Sisi huku wazima. Idi ilipita vizuri, ila bila wewe wali haukuisha, na mama yangu Aziza amenilazimisha kuula siku tatu mfululizo. Anakusalimu sana. Ile kanzu uliyomshonea, wanawake watatu walimuuliza fundi ni nani, naye akawajibu kwamba fundi yuko Banalia na hapokei simu. Ndiyo maana naandika. Mtu amezima simu yake tangu mwaka jana, nifanye nini? Eddy wa pikipiki ataleta barua hii pamoja na sabuni.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Unawakumbuka panya wangu: vizimba vitatu, panya sita kwa kila kimoja, na tepe ulizozishona wewe mwenyewe ili nisikosee. Utepe mweupe kwa wanaokunywa maji matupu, mwekundu kwa wanaokunywa maji ya chumvi, wa kijani kwa wanaokunywa maji ya chumvi na kula ngai-ngai, ile mboga ya majani machachu. Nilikueleza sababu, lakini ulikuwa unasinzia, kwa hiyo narudia. Panya hawa ni wa ukoo ambao chumvi huwapandisha tension, shinikizo la damu, haraka. Si kila mnyama yuko hivyo, wala si kila mtu. Baba yangu Hemedi, kaka yako, alikuwa hivyo, na nakushuku na wewe. Chumvi ikizidi, figo zao hutoa mabaki makali ya oksijeni, na hayo huikwaruza mishipa ya damu kwa ndani mpaka inakakamaa. Kwa Kifaransa tunaita stress oxydatif. Mimi nataka kujua kama ngai-ngai inayapunguza.

Kabla sijaenda Kinshasa mwezi wa Machi, wekundu walikuwa wameshaanza kupanda, 139. Niliporudi niliwapima mkiani mara tatu, kila mmoja ndani ya kifuko ulichomshonea. Walikuwa 126. Wa kijani 124. Kama ndugu wa tumbo moja! Na chumvi ilikuwa palepale kwenye chupa. Tension haishuki yenyewe namna hiyo.

Siku zile kumi na mbili nilikuwa Kinshasa, nimebeba damu ya panya kwenye barafu kwa sababu hapa hatuna mashine ya kupima hayo mabaki. Pierre, mtunza vizimba, alikuwa amelala na malaria. Uliyelisha ni wewe. Je, kulitokea kitu? Chupa zilichanganyika? Niambie tu, sitakasirika.

Najua ninachojifanyia kwa kukuambia haya. Siku unaondoka ulisema mbele ya madereva wote wa pikipiki: «Panya yako ikipanda, mimi naacha makayabu. Kama haipandi, uniache nikule.» Ningeweza kukuandikia kwamba wamepanda, ukaacha samaki wako wa chumvi, nikapumzika. Lakini sitaki kukuokoa kwa uongo. Ulipopimwa hapa ulikuwa 18 juu ya 11, kwa hesabu ya panya ni 180. Vidonge unameza?

Binti yako,
Safiya


Banalia, tarehe 5 Mei 2024

Kwa Safiya binti Hemedi, daktari wa panya,

Waaleikum salaam. Barua ilifika, sabuni ilifika, Eddy alifika na matope mpaka masikioni kwa sababu mvua imeila barabara. Aïcha mzima. Mkanda wa cherehani ulikatika, nikaufunga kwa mpira wa baiskeli, na sasa inashona ikiimba. Papa Isaïe, yule Mkatoliki kutoka Butembo mwenye duka la vitenge, ameniletea kazi ya sare za wanafunzi arobaini. Anasema mimi ndiye fundi pekee huku ambaye suruali zake zina miguu miwili sawasawa.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliisoma kwa sauti, mbele ya Aïcha na mbele ya sahani ya makayabu. Hawakupanda! Nikamwambia Aïcha: «Unasikia? Mutoto wa kaka yangu, mwenye alisoma, iko anasema munyu haina matata.» Nikala mpaka mwiba wa mwisho, kichwa juu. Unasema panya ana stress. Stress ya nini? Halipi kodi, hana mashemeji, analetewa chakula kitandani. Mwenye stress ni mimi, ninayepewa masharti ya panya.

Tena usinitishe na jina la Hemedi. Kaka yangu alikufa kwa siku yake. Mimi nina miaka sitini na tatu, natunga uzi kwenye sindano bila miwani, na sijaona mtu wa kuniambia nile nini nyumbani kwangu.

Vidonge vipo.

Yule mwenye sikio lililochanika, wa utepe mwekundu, bado yuko? Nilimpa jina Sultani. Kila alasiri alikuwa anasimama kwenye waya kunisubiri. Msalimie.

Tonton yako,
Mohamadi


Kisangani, tarehe 27 Mei 2024

Tonton,

Salaam. Mama alishikwa na malaria wiki iliyopita, sasa anakaa na kulalamika, kwa hiyo amepona.

Umejibu kila kitu isipokuwa nilichouliza. Vidonge vipo, unasema. Najua vipo, nilikutilia mimi mwenyewe kwenye mfuko wa koti. Niliuliza kama vinaingia mdomoni.

Huku mambo ya tezi yangu, tasnifu ya udaktari, yamechemka. Profesa wangu ameziona namba za wekundu. Hakukasirika, alifunga mlango tu na kusema taratibu: «Safiya, toa hii kizimba. Andika ile panya mbili zenye zilibakia juu, zingine sema zilikufa. Octobre unatetea tezi, imeisha.»

Nikamwambia: «Prof, kama natoa hii leo, kesho natoa ingine, na mwisho nitaandika tezi bila panya.»

Akaniambia nifikirie vizuri. Nimefikiria. Jibu langu ni lile lile, na nimemwandikia kwenye karatasi yenye sahihi yangu ili asiseme nilikuwa na hasira. Amenijibu kwamba jina langu litaondolewa kwenye orodha ya Oktoba mpaka nieleze kizimba chekundu kilipatwa na nini. Basi akiondoe! Nimekaa miaka sita na panya hawa, sitawageuza kuwa wafu kwa kalamu wakati wanakula mbele yangu.

Jana niliondoa takataka za mbao chini ya kizimba chekundu, zile za zamani ambazo Pierre alikuwa ameziweka kwenye gunia. Ndani mlikuwa na vikonyo vya ngai-ngai, vimekauka, vingi. Nikafungua na gunia la weupe. Vimo vilevile. Panya hawana mikono ya kufungua mlango na kwenda kuazima mboga kwa jirani. Mtu aliwapa.

Profesa anasema ni Pierre, na anataka afukuzwe. Pierre ametunza wanyama hao miaka kumi na tano. Hata hajajitetea, alivua koti lake la kazi akalikunja vizuri mezani. Mimi nimenyamaza kidogo, natafuta namna ya kusema.

Sultani yuko. Bado anasimama kwenye waya alasiri.

Tonton, nakuuliza mara ya pili.

Safiya


Banalia, tarehe 2 Julai 2024

Safiya,

Salaam nyingi. Usishangae herufi kupinda, meza ya hapa imevunjika mguu. Siku kuu ya kuchinja tulichinja mbuzi mmoja, nusu tukagawa. Sare za Papa Isaïe hazijaisha, nimemwambia asubiri. Afadhali mama yako amepona.

Sasa sikiliza. Huyo Pierre amenikaa kooni. Hajagusa kitu. Ni mimi.

Ndiyo, niligawa. Siku ya kwanza nilifuata karatasi yako neno kwa neno. Nilikuja kwa baiskeli ya toleka, fungu la ngai-ngai mapajani, nikawapa wa kijani majani yao, nikakaa kwenye kiti. Ilikuwa alasiri ya Ramadhani, mimi mwenyewe nimefunga, tumbo limeshikana na mgongo. Wa kijani wanatafuna. Wekundu wote sita wamesimama, wameshika waya, wanatazama. Hakuna aliyelia, na mimi ningependa walie, ningejua la kufanya. Wewe unaijua nyumba tuliyokulia. Bibi yako hakuruhusu mtoto mmoja ale na mwingine ameze mate, hata mtoto wa jirani, hata yule aliyekuja kutuibia kuku. Nilivumilia siku hiyo moja. Siku ya pili niliinuka nikawaambia: «Bon, na ninyi muko batoto ya mutu. Mukule.» Majani matatu kwa kila panya, nilihesabu. Na weupe matatu-matatu pia, maana kosa lao lilikuwa nini? Nilifanya hivyo siku kumi na moja. Sultani alikuwa anangoja zamu yake bila kusukuma mtu.

Chumvi sikuigusa. Chupa sikuchanganya. Nilidhani jani ni jani tu, kumbe jani ndilo lilikuwa swali lako lote. Hapo nilikukosea na naomba radhi kwako. Kwa panya siombi radhi.

Mwezi wa Mei nilinyamaza kwa sababu uliniandikia kwamba hawakupanda, na mimi nilitaka makayabu yangu. Aibu yangu iko hapo, si kwenye majani.

Lakini na wewe una lako. Ufunguo nilipewa na nani? Profesa wako anajua kwamba fundi cherehani wa Banalia alikaa na wanyama wake siku kumi na mbili? Unasema umenyamaza kidogo. Na koti la mtu limekunjwa mezani! Nenda ukaseme. Unitaje kwa jina na kwa kazi yangu. Usiponitaja, nitapanda pikipiki ya Eddy nije nijitaje mwenyewe mlangoni pa maabara, kwa sauti ambayo wataisikia mpaka bandarini.

Mohamadi

[Nyuma ya karatasi, kwa mwandiko mwingine:]

Safi mwanangu, ni mimi Aïcha, naandika haraka, yeye ameenda kutawadha. Meza ni nzima. Ijumaa tarehe 14 alianguka akitoka msikitini. Mdomo ulienda upande siku mbili ukarudi, lakini mkono wa kuume hauna nguvu. Amekuandikia kwa wa kushoto, siku nne barua moja. Kwenye kituo cha afya walimpima, 20 juu ya 12. Vidonge vyako nimevikuta kwenye mtoto wa meza ya cherehani, hajafungua hata kimoja. Usimwambie nimekuambia. Au mwambie.


Kisangani, tarehe 24 Julai 2024

Tonton Mohamadi,

Waaleikum salaam. Mama anakuombea kila swala, na safari hii anaomba akitaja jina.

Nimesema. Ilikuwa Jumatatu tarehe 15, kwenye mkutano wa maabara, watu sita na Pierre amesimama nyuma kwa nguo za nyumbani. Nilisimama na vikonyo vyako kwenye mfuko wa plastiki.

«Ulipatia mutu wa inje ufunguo?» profesa akauliza.

«Ndiyo, prof. Tonton yangu Mohamadi, fundi cherehani, wa Banalia. Pierre alikuwa mugonjwa, mimi niko Kinshasa. Nilimupa mimi.»

«Na yeye akakulisha panya yote?»

«Majani tatu-tatu. Alihesabu.»

Mmoja alicheka, akaona yuko peke yake, akakohoa. Profesa akavua miwani. «Alors, tezi yako imekufa.»

«Haiyakufa, prof. Imechelewa. Naanza tena.»

Nimepewa barua ya onyo, na kutetea tezi kumesogezwa mwaka mzima. Pierre amerudishiwa koti lake. Aliponisalimia alitumia mikono yote miwili, na sikustahili, kwa sababu nilimwacha wiki saba akibeba jambo langu. Nimemwambia hivyo usoni.

Kuna mwenzangu alinishauri niandike kwamba majani matatu kwa siku yalitosha kushusha tension. Ingekuwa habari tamu, magazeti yangependa, na wewe ungetembea kifua mbele mpaka Buta. Siiandiki. Wewe hukupima kitu, mimi sikuwepo, na jaribio lililovurugika halithibitishi lolote. Labda ni kweli. Nitalijua nikilifanya vizuri.

Sasa ninalotaka kukuambia. Majani ya wekundu yalikoma uliporudi Banalia. Chumvi haikukoma, nilifuata siku zilizopangwa mpaka mwisho. Mwezi wa Mei walikuwa 148. Juni 165. Mwanzoni mwa Julai 181. Tarehe 17, asubuhi, Pierre alimkuta Sultani amelala ubavu. Mguu na mkono wa kuume havikusogea. Alikuwa anajaribu kufikia maji na anazunguka palepale. Hatukumwacha ateseke, nilimlaza mwenyewe kwa dawa. Nilipompasua niliona damu kwenye ubongo, na figo zimekunjamana.

Barua yako ilikuwa na maandishi nyuma. Nimeyasoma. Usimgombeze mama Aïcha hata kwa neno moja.

Nimekukasirikia, tonton. Baba aliuficha mkono wake mfukoni wiki mbili akituambia ni baridi. Baridi, Kisangani! Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nikaamini, nikamletea sweta. Sina nguvu ya kuamini na meza iliyovunjika mguu. Umenifokea kuhusu Pierre na ulikuwa na haki, kwa hiyo nami nakufokea. Wewe uliyeshindwa kumtazama panya mmoja akinyimwa jani, unataka mimi nikae nitazame hili?

Wekundu wamepanda. Ulisema mbele ya watu.

Safiya


Banalia, tarehe 22 Novemba 2024

Safiya binti Hemedi,

Salaam kwako, kwa mama yako na kwa Pierre ambaye sijamwona ila namheshimu. Aïcha mzima. Sare za Papa Isaïe zimeisha, alizimalizia Aïcha, na suruali zake zina miguu sawa kuliko zangu. Herufi zimepinda na meza haina kosa. Huu ni mkono wa kushoto. Wa kuume unashika kikombe sasa, sindano bado.

Nimekaa miezi minne bila kukujibu. Najua ulimtuma Eddy mara tatu aniangalie kama niko hai, akajifanya amekuja kununua vifungo. Sikujibu kwa sababu ningekuletea maneno, na maneno yangu kwako yalikuwa yamechakaa. Nilitaka kukuletea kitu cha kushika.

Kwenye furushi kuna daftari. Barua yako ilipofika nilikaa nayo siku mbili. Halafu nilikata kipande cha kitambaa cheupe, Aïcha akanifungia mkononi, mkono ule uliolala. Mimi sasa ni wa utepe mweupe. Chumvi imetoka jikoni, makayabu nimempa jirani, vidonge nameza asubuhi mbele ya Aïcha na nafungua mdomo kama mtoto ili aone. Kila Ijumaa kabla ya swala naenda kituo cha afya, Nadège muuguzi ananipima, naandika mwenyewe. Ya kwanza 19 juu ya 12. Mwezi wa Septemba 16 juu ya 10. Leo 14 juu ya 9. Chakula hakina ladha yoyote, nakuambia waziwazi, ni kama kula kitambaa, na kila siku nalalamika. Usifikiri umenishinda wewe. Amenishinda Sultani.

Utaona ukurasa mmoja, tarehe 18 Oktoba, namba imeruka mpaka 17. Jumamosi kabla yake Papa Isaïe alimwoza binti yake Olga. Waliniwekea sahani mbele. Nilikula makayabu vipande viwili. Nimeandika viwili, halafu nikakata nikaandika vitatu, kwa sababu vilikuwa vitatu. Na kesho yake nilirudi kula yaliyobaki, hilo pia nimeandika. Nadège alipoiona alisikitika. «Papa Mohamadi, tufute hii. Carnet yako iko muzuri, hii inaichafua.» Nikamwambia: «Wacha. Mutoto yangu alikatala kufuta ya panya, na weye unataka kufuta ya mutu?» Basi ipo. Usije ukaifuta na wewe.

Kuna kitu kingine kwenye furushi, vipande kumi na viwili vya kitambaa kizito vyenye kamba juu. Ni mapazia. Najua umeanza upya na vizimba vitatu, na najua sasa kwamba wekundu hawatapata jani. Nimekubali. Sitakuja na ufunguo, sitakuja na mboga. Lakini yafunge mapazia hayo kati ya vizimba, pande zote, na uyashushe kila unapowapa wa kijani chakula chao. Kama ni lazima wanyimwe ili watu wengine wasianguke njiani kama mimi, basi wanyimwe. Wasikae wakitazama wenzao wakila, hilo tu. Nililikataa tangu siku ya pili, na leo nalikataa bado.

Nimeyashona mwenyewe, mkono mmoja, Aïcha akinishikia kitambaa. Utaona mshono unatambaa huku na huku kama mlevi. Anataka kuufumua aushone upya kwa mashine, vizuri. Nimemkatalia. Na wewe usiufumue.

Mohamadi